Vijidudu vya Tumboni Mwetu na Wanaovisoma

Muhula uliopita nilikuwa nikifundisha Kidato cha Pili habari za bakteria. Nilikwisha kueleza kipindupindu, kifua kikuu na pepopunda, nikageukia upande wa pili. Nikasema kwamba bakteria walio wengi hawatudhuru, na kwamba wako watu katika nchi yetu hii ambao vijidudu vya matumbo yao vimesomwa ng'ambo hata vikawa mashuhuri duniani. Darasa likacheka, kama lichekavyo kila litajwapo neno choo. Lakini kijana mmoja wa dawati la nyuma hakucheka. Alisimama akauliza, "Mwalimu, wakishachukua choo chetu wakakisoma kwao, sisi tunabaki na nini?"

Kengele ililia kabla sijamjibu, nami nikashukuru, maana sikuwa na jibu. Makala haya nayaandika ili kumjibu yeye. Nayaandika kwa Kiswahili, ingawa somo lenyewe hufundishwa kwa Kiingereza, ili wazazi wake nao wapate kuyasoma.

Kwanza tujue tunasema juu ya nini. Katika utumbo wetu, hasa utumbo mpana, wamo bakteria wengi kuliko watu wote waliopata kuishi duniani. Mwaka 2016 wataalamu watatu, Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo, walipiga hesabu upya wakaona kwamba mtu mzima wa kilo 70 ana bakteria yapata trilioni 38, na chembe za mwili wake mwenyewe yapata trilioni 30. Wote hao pamoja uzito wao ni kama gramu 200, yaani kama konzi chache za maharage. (Vitabu vingine vya zamani vyasema kwamba bakteria hutuzidi mara kumi. Mwanafunzi aliye na kitabu cha namna hiyo na aisahihishe hesabu hiyo kwa penseli.) Jumuiya yote ya vijidudu hivi, pamoja na chembe zao za urithi, ndiyo wataalamu waiitayo maikrobayomu.

Kazi yao ni nini? Tukila maharage, ndizi za kupika, mtama au majani ya maboga, kuna sehemu ya chakula ambayo tumbo letu haliwezi kuisaga. Hizo ni nyuzinyuzi. Zamani watu walidhani ni makapi tu, yapitayo na kutoka. Kumbe zikifika utumbo mpana bakteria huzichachua, na katika kuchachua huko hutoa asidi ndogo ndogo ambazo chembe za ukuta wa utumbo huzitumia kama chakula chao. Kwa hiyo mtu alaye maharage huwalisha wawili, yeye na wageni wake. Akiacha kuwalisha, wengine hufa njaa, na wengine hugeukia ute unaokinga ukuta wa utumbo wakaanza kuutafuna.

Jambo hili lilianza kushukiwa hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi katika hospitali ya Mulago, aliona kwamba maradhi kadhaa ya utumbo yaliyojaa katika hospitali za Uingereza yalikuwa haba sana kwa wanakijiji aliowatibu. Mwaka 1972 yeye na wenziwe walichapa habari za uzito wa choo na muda ambao chakula huchukua kupita tumboni, wakiwalinganisha watu wa Uganda na Waingereza, nao wakaweka sababu katika nyuzinyuzi. Watu wengine walimcheka, kama Kidato cha Pili walivyonicheka mimi. Lakini Burkitt hakuweza kuwaona bakteria wenyewe wakifanya kazi, maana wengi wao hufa mara wapatapo hewa, na hawakubali kuoteshwa katika maabara ya kawaida.

Mlango ulifunguka wataalamu walipojifunza kusoma DNA ya vijidudu bila kuviotesha. Nitaeleza kwa mfano wa shule. Njia ya kwanza ni kusoma kipande kimoja tu cha urithi ambacho kila bakteria anacho. Ni kama kusimama mstarini asubuhi ukauliza kila mwanafunzi ukoo wake. Utajua koo ngapi ziko shuleni, lakini hutajua nani anajua hesabu. Njia ya pili ni kusoma DNA yote iliyomo. Hiyo ni kama kuchukua madaftari yote ya shule, kuyachanachana vipande vidogo, kuyachanganya katika gunia moja, kisha kuyaunga tena mpaka kila daftari lirudi kwa mwenyewe. Kazi hii yataka mashine za fedha nyingi, kompyuta kubwa, na watu wajuao hesabu. Kumbukeni jambo hilo, maana ndilo lililoamua nani asome na nani asomwe.

Sasa tuangalie nchi yetu. Kazi moja ya mapema ilikuwa jirani kabisa nasi, Mwanza. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada, wakiongozwa katika sayansi na Gregor Reid, walishirikiana na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, tuijuayo kwa jina la NIMR, na kikundi cha akina mama wa Mabatini kiitwacho Tukwamuke. Akina mama hao walifundishwa kutengeneza mtindi wenye bakteria maalumu, Lactobacillus rhamnosus GR-1, kwa ajili ya kuwasaidia watu katika siku zile ambazo UKIMWI ulikuwa ukiua wengi. Napenda mwanzo huu kwa sababu moja: mtindi uliuzwa na kunywewa papo hapo. Elimu ilikuja na sufuria.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2014, ilitangazwa habari ya jaribio dogo la Mwanza: wajawazito 60 na watoto wa shule 44. Watafiti walitaka kujua kama mtindi huo ungeweza kupunguza sumu za madini mwilini, mathalan zebaki, ambayo kila akaaye karibu na machimbo ya dhahabu anaijua. Kwa wajawazito walionywa mtindi, zebaki na aseniki havikupanda katika damu kama vilivyopanda kwa wenzao. Kwa watoto, ambao walijaribiwa siku 24 tu, tofauti ya hakika haikuonekana. Lilikuwa jaribio la kuanzia, na watafiti wenyewe waliliita hivyo.

Mwaka huo huo wa 2014 ndipo Wahadzabe wa Ziwa Eyasi walipoingia katika majarida makubwa. Wahadzabe ni watu kama elfu moja na mia chache, na baadhi yao bado huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kula ubuyu na kurina asali. Stephanie Schnorr na wenziwe walisoma choo cha Wahadzabe 27 wakakilinganisha na cha Wataliani 16 wa mji wa Bologna. Wahadzabe walikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria. Walionekana na Treponema, jamaa wa kijidudu cha kaswende, lakini hawa wa tumboni si waleta ugonjwa huo. Hata wanaume na wanawake walitofautiana, na watafiti walifikiri kwamba sababu ni kazi zao: wanawake huchimba na kula mizizi zaidi. Tena Bifidobakteria, ambao Ulaya huhesabiwa kuwa dalili ya tumbo jema, hawakuonekana kwa watu wazima wa Kihadzabe. Hapo nawaomba wanafunzi wasimame kidogo. Kama kipimo cha tumbo jema kimechongwa kwa Wataliani, basi Mhadzabe mwenye afya yake huonekana ana kasoro. Nani mwenye kasoro, mtu au kipimo? Mwaka 2022 choo cha watoto wachanga wa Kihadzabe kiliposomwa, walikutwa Bifidobakteria tele.

Utafiti wa tatu ndio niupendao kuliko yote. Ulitoka katika jarida la Science mwaka 2017, nao ulitazama sampuli 350 za Wahadzabe 188 kwa muda upatao mwaka mmoja. Wakati wa kiangazi Wahadzabe hupata nyama zaidi. Wakati wa mvua hupata asali na matunda madogo. Ikaonekana kwamba baadhi ya bakteria hufifia masika yakija, hata usiweze kuwaona, kisha kiangazi kikirudi nao hurudi, kama ndege wahamao. Na wale wafifiao kwa msimu ndio hasa walio adimu katika matumbo ya watu wa nchi za viwanda. Jirani zetu wa Bukoba na Muleba hula senene kila wajapo mwezi wa Novemba. Mtafiti atakayepima matumbo yao kabla ya senene na baada ya senene atakuwa na kazi nzuri ya kufanya.

Katika orodha ya waandishi wa utafiti huo wa 2017 yamo majina mawili ya NIMR Mwanza: Alphaxard Manjurano na John Changalucha. Jina la kwanza ni la mtu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Kalifonia.

Kisha mwaka 2023 Stanford wakatoa usomaji mkubwa kabisa, kwa ile njia ya pili ya madaftari yaliyochanwa. Mhadzabe mzima alikuwa, kwa wastani, na aina 730 za vijidudu tumboni. Mtu wa Kalifonia 277. Walipounga vipande walipata jenomu 91,662, na katika kila mia 44 hazikuwamo katika orodha kuu zilizokuwako. Zaidi ya hayo walihesabu aina 124 ambazo zatoweka kwa watu wa nchi za viwanda.

Naona wengine wameanza kujivuna. Taratibu. Wingi wa aina za bakteria si cheti cha afya, wala si ruhusa ya kunywa maji ya Ruvubu bila kuyachemsha. Mikono inaweza kuleta kipindupindu mdomoni mwa mtu mwenye aina 730 sawasawa na mwenye aina 277. Wapo watu wa ng'ambo waliotekwa na habari hizi hata wakapita kiasi: mwaka 2014 mtafiti mmoja mgeni alijipandikiza mwenyewe choo cha Mhadzabe, akaandika habari zake hadharani. Mimi siliiti jambo hilo jaribio. Jaribio huwa na watu wa kulinganisha nao.

Hayo yanatuleta Moshi, na hapa ndipo jibu la yule kijana linapoanza kuonekana. Watafiti wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Tiba cha KCMC, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, waliwachukua watu wazima 323 wenye afya, wa mjini Moshi na wa vijijini. Habari zao za kwanza zilitoka mwaka 2021. Ilionekana kwamba damu ya watu wa mjini ilikuwa na dalili nyingi zaidi za uvimbe wa ndani, yaani mwili unaopigana kidogo kidogo kila siku bila adui, hali iambatanayo na kisukari na maradhi ya moyo. Chakula kilikuwa sehemu kubwa ya sababu. Mwaka huo huo walitangaza pia usomaji wa vijidudu vya watu hao hao, wakivihusisha na jinsi damu yao inavyojibu maradhi.

Lakini kuona mambo mawili yakienda pamoja si kujua lipi limeleta lipi. Basi wakafanya jaribio, na matokeo yalitoka mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine, mwandishi wa kwanza akiwa Godfrey Temba wa Moshi. Vijana wa kiume 77 walishiriki. Waliozoea chakula cha kijijini walipewa chakula cha namna ya Kizungu majuma mawili. Waliozoea chakula cha mjini walipewa ndizi, maharage, mboga na nafaka za kienyeji majuma mawili. Kundi la tatu lilikunywa mbege juma moja. Na kumi waliachwa kama walivyo ili kulinganisha. Walioacha chakula cha kijijini, protini za uvimbe ziliongezeka katika damu, na chembe zao za kinga zikawa dhaifu zaidi katika kujibu vijidudu vya maradhi. Waliorudi katika chakula cha asili, uvimbe ulipungua. Majuma manne baada ya jaribio kwisha baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo. Majuma mawili tu!

Yafaa niseme mipaka yake. Jaribio lilikuwa la wanaume peke yao, na hasa lilipima damu. Na kwa wale ambao wameshaanza kukonyezana: mbege si rubisi. Mbege hupikwa kwa ndizi na kimea cha ulezi; rubisi yetu ni maji ya ndizi mbivu yaliyokamuliwa kwa nyasi na kuchachuliwa na mtama. Chachu nyingine, bakteria wengine. Tena kileo ni kileo. Mwanafunzi asimwendee Mkuu wa Shule akisema kwamba Mwalimu ameandika.

Sasa tazameni barabara yetu. Malori yaendayo Rwanda na Burundi hupita Lusahunga na Nyakahura usiku na mchana, na kila yasimamapo kuna chipsi, soda na mkate mweupe. Miaka ishirini iliyopita mtoto wa Biharamulo aliyepewa shilingi njiani alinunua ndizi au muwa. Mimi siwalaumu wauzaji, nami nimekula chipsi zao. Nasema tu kwamba jaribio la Moshi linafanyika hapa kila siku bila mtu wa kuliandika. Katika tafiti zote nilizozitaja hakuna hata moja iliyochukua sampuli ya Mhangaza, Mshubi au Msubi. Maharage yetu, mtindi wetu wa kibuyu, rubisi ya babu zetu, havimo katika orodha hizo za maelfu.

Kuna na dawa. Mwaka jana nilikuwa na mafua, nikanunua vidonge vya kuua bakteria bila kupimwa, nikameza siku mbili nikaacha. Mafua huletwa na virusi, nami nafundisha Baiolojia! Tumbo likaniendesha juma zima. Nilikuwa nimewaua raia ili kumtafuta mwizi asiyekuwamo. Wazazi, msitufuate sisi waalimu katika hilo.

Basi kijana wangu, hili ndilo jibu langu. Mwanzoni tulibaki na mtindi, nalo halikuwa jambo dogo. Kwa Wahadzabe nchi ilibaki na jina katika kichwa cha makala na majina mawili katika orodha. Moshi tumebaki na swali letu wenyewe: liliulizwa na watu wa hapa, juu ya chakula cha hapa, na jibu lake linamfaa mama auzaye ndizi sokoni kama limfaavyo profesa. Wazungu walikuwako na mashine zao zilikuwako, wala sioni ubaya. Tofauti ni nani aliyeshika kalamu ya kwanza. Na aliyeishika aliwahi kuwa mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule fulani, akajifunza kemia, baiolojia na hesabu. Nasisitiza hesabu, maana gunia lile la vipande haliungwi kwa macho.

Juma lililopita niliwaita wanafunzi watano maabara baada ya vipindi. Mmoja alikuja na chupa ya mtindi wa nyumbani kwao Rulenge, uliogandishwa katika kibuyu ambacho bibi yake hukiosha lakini hakisugui ndani, akisema kwamba kikisuguliwa husahau kazi. Ana haki, bibi huyo: bakteria hukaa katika kuta za kibuyu na kungojea maziwa ya kesho. Tulitandaza tone la maji ya mtindi juu ya kioo, tukalikausha, tukalitia rangi ya buluu, tukaliweka chini ya hadubini yetu, ile ambayo kioo chake cha chini kimeshikwa kwa gundi. Wakaonekana vijiti vifupi na vitone vilivyofuatana kama shanga.

Yule kijana wa dawati la nyuma alitazama muda mrefu hata wenziwe wakanung'unika.

"Mwalimu, hawa wana majina?"

Nikamwambia kwamba jamaa zao wanayo, lakini hawa wa kibuyu hiki hakuna aliyewasoma bado. Alivuta kiti, akafungua daftari, akaandika tarehe, jina la kijiji, aina ya kibuyu, na siku ambayo maziwa yaligandishwa.